Kitambaa cha Siku Moja

Umeme ulikatika pale pale hakimu alipofungua mdomo. Mpaka leo sijui yule mwizi wa majeneza alihukumiwa nini. Mwenye flashi iliyokuwa na filamu aliichukua kesho yake asubuhi akapanda boti kwenda Yangambi, na kila niliyemuuliza habari za filamu ile aliniangalia kama mtu mwenye homa.

Ilikuwa Jumatano, saa za mchana, kwenye karakana yangu ya kushona huku Mangobo. Tuko wawili pale, kila mtu na cherehani yake: mimi, na mwenzangu mjane ambaye televisheni ni yake, kwa hiyo filamu anachagua yeye. Filamu zinasema Kifaransa. Kifaransa cha mwenzangu ni cha kuulizia bei tu, basi kazi yangu, juu ya kushona, ni kumtafsiria. Nimezoea. Mguu uko kwenye pedali, jicho liko kwenye sindano, na mdomo unasema maneno ya watu wa mbali.

Yule mwizi alikuwa akifukua makaburi ya watu wenye mali. Anatoa jeneza, anamrudisha maiti udongoni na sanda yake, kisha jeneza analipaka vanishi na kuliuza tena, wakati mwingine kwa familia ile ile. Saa nzima tulimchukia kwa roho moja. Mtu mwembamba, koti safi, sauti ya upole wa kuudhi. Mwenzangu alikuwa ameshamlaani yeye na ukoo wake wote, na alipokamatwa aliweka pasi chini akapiga makofi.

Kisha wakampeleka mahakamani, mji mzima umejaa kumzomea, na hakimu akamuuliza kama ana neno.

"Niko mwizi," alisema. "Andikeni hivyo, msihangaike kutafuta jina zuri." Akangoja karani aandike. "Sijamgusa mtu aliye hai hata siku moja. Hilo mtanikubalia. Nyinyi nanyi hamkumgusa mtu aliye hai."

Nilitafsiri, na mguu wangu ukaacha pedali wenyewe.

Akamgeukia tajiri aliyeibiwa jeneza la mama yake. Akamuuliza, "Mama yako alikuwa anapenda kula nini?" Tajiri akafungua mdomo, akaufunga. "Si kitu. Jeneza lake lilikuwa la mti gani?" Hapo tajiri akajibu bila kupumzika: mti, vishikio, kitambaa cha ndani, mpaka seremala anakaa mtaa gani. Alijibu vizuri sana, maskini, hakuona anapelekwa wapi.

Mwizi akashusha sauti, na watu wakainama mbele ili wamsikie. "Nilipoinua kile kifuniko, mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa kwanza kumfungulia mama yako mlango tangu alipoanza kuugua. Mlimnyima kiti kimoja karibu na kitanda, halafu mkakodi viti barabara nzima. Mimi niliiba vitu vya maiti. Vya mgonjwa viliibwa na nani?"

Nilisoma kwa masista mpaka nikamaliza sekondari, na mambo ya kusema mbele ya watu walitufundisha. Kwa hiyo niliona kazi yake, jinsi fundi anavyoona mshono wa fundi mwingine. Alianza kwa kujitukana mwenyewe, wakakosa pa kumpiga. Hakusema "jamii" wala "watu wa siku hizi". Alichukua mtu mmoja, mama mmoja, chakula kimoja. Hakupayuka. Aliuliza mambo ambayo majibu yake alikuwa nayo mfukoni, na akawaachia wao kazi ya kunyamaza. Niliona yote hayo na bado yalinichoma.

"Huyu mutu iko mubaya sana," mwenzangu alisema. Pasi ilikuwa imepoa pale alipoiweka. "Lakini anasema kweli, na ile ndiyo inaniuma. Kama angenyamaza tungemuchukia vizuri."

Hakimu akafungua mdomo, na umeme ukaenda.

Sasa niseme kilichokuwa juu ya meza yangu. Kilikuwa kitambaa cha kijani chenye majani meupe, mita kwa mita, na mkasi wangu ulikuwa katikati yake. Siku mbili kabla, tonton wangu alikuja nacho kwenye pikipiki, maboksi mawili. Huyu tonton ni kaka mkubwa wa marehemu mama yangu na ndiye mkuu wa familia. Zamani alikuwa nahodha wa boti za mto, na mpaka leo anasema taratibu kama mtu anayepima kina cha maji.

"Ni ya feti ya famille," aliniambia, yaani sherehe ya familia.

Nilikishika, nikakisugua kwa kidole chenye mate. Kidole kikawa kijani.

"Tonton, hii itatoka rangi. Ukifua mara tatu tu, inabaki ya kizee."

"Ni kitambaa ya siku moja. Nani atafua?"

Nilijua ni feti gani. Kila mtu alijua. Tantine wetu, mdogo wake mama, alikuwa mgonjwa wa moyo. Kwetu neno la mazishi halitamkwi juu ya mtu anayepumua, maana kulitamka ni kumwita aende. Basi tunasema feti. Na sababu ya kuharakisha kitambaa ilikuwa mimi. Mwaka uliopita tulipomzika tonton mwingine, niliahidi sare za familia na nikachelewa, umeme ulinitupa siku mbili. Nusu ya watu wetu walikaa chini ya hema na nguo za rangirangi, na mtaa ukatucheka: angalia watu wa Isangi, wanamzika mtu wao na nguo za soko. Tonton aliapa kwamba aibu ile haitarudi tena. Safari hii kitambaa kilikuja mapema. Kilikuja mapema mno, na mimi nilikipokea, nikachukua vipimo, nikaanza kukata.

Huyu tantine ndiye aliyenilea. Mama alituacha nikiwa na miaka sita, na tantine alikuwa akipanda mto na samaki wa moshi kutoka Isangi, analala juu ya magunia, ili mimi niende kwa masista na viatu. Sasa alikuwa kwenye kanyumba kake karibu na maporomoko, miguu imevimba, kutoka kitandani mpaka mlangoni alipumzika mara mbili. Aliyempikia ni jirani, mke wa mvuvi wa pale pale, mtu ambaye si ndugu yetu hata kwa mbali. Daktari alishasema alazwe. Kitanda kilikuwepo. Hospitali ilitaka kitu kimoja tu: familia ilete garde-malade, mtu wa kukaa naye, kumlisha, kumuosha, kukimbilia dawa. Bila huyo hawapokei mgonjwa. Na huyo ndiye alikosekana, katika familia ambayo nilikuwa nimeichukulia vipimo watu thelathini na wanne. Mmoja ana shamba njia ya Masako, mwingine ana mtoto mchanga, mwingine ana mgongo. Mimi nilikuwa na kazi.

Jumapili, baada ya misa, tonton alituita uwanjani kwake. Tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tukaanza mazungumzo. Hema, nani ataleta. Viti, vitatoka wapi. Fanfare ya kupiga matarumbeta, ile ya kule Kabondo au ile nyingine. Nani atasimamia masufuria. Saa nzima. Habari ya garde-malade ilipotajwa, kila mtu aliangalia vidole vya miguu yake, na tonton akasema, "Bon, ile tutaona."

Moto uliniwaka. Nilisimama, na haki ya Mungu sikuwa nimepanga, lakini maneno yalikuja yakiwa yameshakatwa na kushonwa.

"Miye niko mushonaji," nilisema. "Nimekata kitambaa ya feti ambayo hakuna mutu anataka kuiita jina yake. Sasa niulize kitu kidogo. Tantine anapenda kula nini?"

Binamu mmoja akataja mboga ya majani ya muhogo, "Pondu."

"Pondu aliacha tangu mwaka jana, inamuumiza tumbo. Na kitambaa yetu iko na rangi gani?"

Walijibu watatu kwa pamoja, kijani, majani meupe, kisha wakasikia walichokisema. Ah, nilinenepa pale nilipo. Nilishusha sauti kama yule mwizi, nikaona wanainama mbele. Nikasema tumepata watu thelathini na wanne wa kukaa juu ya viti vya barabarani, na hatujapata hata mmoja wa kukaa juu ya kiti cha hospitali. Nikasema jirani wa maporomoko ndiye familia yake. Mama mkubwa mmoja alianza kujifuta macho. Niseme ukweli: nilikuwa nasikia utamu. Nilikuwa nimemsahau tantine kabisa, nilikuwa najisikiliza.

Tonton aliniacha nimalize. Akakohoa.

"Umesema muzuri," alisema. "Ile kitambaa, nani aliikata?"

"Ni miye, tonton."

"Siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano ile ulienda kumuona tantine?"

"Hapana."

"Jumanne?"

Zilikuwa zimepita wiki tano. Ile habari ya pondu niliipata kwa jirani, kwa simu.

"Bon," tonton alisema. "Basi tuko thelathini na watano." Watu wakacheka, cheko la kupona, na mkutano ukaishia kwenye habari ya fanfare. Kiti cha hospitali kikabaki bila mtu.

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu mkubwa. Nyumbani nilifikiria yule mwizi, na safari hii nilimkasirikia yeye. Alifungua aibu ya kila mtu katika mji ule, sawa. Lakini majeneza alirudisha? Na yeye, siku zote zile, alimpelekea mgonjwa gani bakuli la uji? Maneno yake yalikuwa kweli na yalimsaidia mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeazima hotuba bila kuangalia mwenye nayo ni nani.

Kesho yake nilipanda toleka mpaka kwa tantine. Mwenye baiskeli alilalamika njia nzima kwa ajili ya mfuko wangu mkubwa, maana nilikuwa nimebeba vipande vya kitambaa ili nivipeleke baadaye kwa binamu wa upande ule. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, kelele za maji zikiingia dirishani. Aliniita jina langu la utotoni. Nilikaa, nikaanza kujieleza, kazi, umeme, na yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia mfuko. Ulikuwa umefunguka mdomo.

"Hii kitambaa iko muzuri," alisema. Akavuta kona yake. "Ya feti gani?"

Mimi ambaye Jumapili nilikuwa na maneno ya kugawia watu, nikaanza kutafuta kamba ya mfuko.

"Famille nzima muko nayo?"

"Ndiyo, tantine."

Alikuwa anapumua kwa kazi. "Na miye mulinisahau," alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayeona ni kawaida kusahauliwa akiwa ndani ya nyumba. "Nipime na miye, mwanangu. Hata kama siwezi kucheza, nitakaa."

Nililia hapo, mbele yake, na yeye akadhani ni haya ya kumsahau. Nikatoa futi yangu ya kitambaa shingoni. Nilimpima yule mama aliyenibeba mgongoni kutoka ufukweni mpaka shuleni: mabega yamekuwa ya msichana, tumbo na miguu vimejaa maji. Mikono yangu inajua miili, na mwili ule ulinieleza mambo ambayo daktari alikuwa ameyasema kwa Kifaransa.

"Hujanijibu. Ya feti gani?"

"Ya hopitali," nilisema. Sijui neno lilitoka wapi. "Tunakupeleka hopitali, tantine. Kila mutu atakayekuja kukulinda atavaa hii, madaktari wajue uko na watu."

Alicheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi nimshike. "Batu bote bale?"

"Bote."

"Hata kaka yangu?"

"Wa kwanza."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa tonton. Sikumhutubia. Nilimweleza yaliyotokea: amekiona kitambaa, ameniuliza, nimemjibu hivi, na anangoja kumwona yeye wa kwanza. Tonton aliona alichofungwa nacho. Kama angekataa, ilibidi mtu aende kumwambia tantine kitambaa kile ni cha nini hasa, na katika familia yetu yote, na midomo yetu yote, hapakuwa na mtu wa kuweza kazi hiyo.

"Umetufunga," alisema.

"Nimejifunga na miye."

"Bon. Lete yangu."

Nilimaliza sare zote siku nne. Ya tantine nilianza nayo. Alilazwa Jumamosi, na tonton alifika wodini na shati la kijani lililopigwa pasi, kofia mkononi, kama mtu aliyealikwa arusi. Hakujua kumenya hata ndizi. Wauguzi walicheka. Mimi nilipanga zamu: nani Jumatatu, nani Jumanne, nani anabadilisha na nani. Nilituma ujumbe kwenye simu za watu, nilikemea waliochelewa, niligombana na binamu wa mgongo mpaka akaja. Kila mtu alisema bila mimi yasingewezekana, na mimi nilikubaliana nao. Wagonjwa wengine waliuliza sisi ni kwaya ya parokia gani. Tantine aliwaambia, "Hapana, ni batu yangu." Gauni lake alilivaa kila lilipokauka.

Tulikaa naye karibu miezi minne. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Alikufa Alhamisi saa tano asubuhi, tonton akimlisha uji wa mchele, ambao ndio alikuwa anaupenda. Nilijulishwa kwa simu, nikiwa karakana.

Matanga yalikuwa kama yalivyopangwa uwanjani siku ile. Hema lilikuwepo, viti, fanfare ya Kabondo. Na sote tulivaa kijani. Ila haikuwa kijani moja tena. Kitambaa kilikuwa kimetoka rangi kama nilivyosema, kila kimoja kwa kiasi chake. Wale waliolala mara nyingi kwenye mkeka wa hospitali, waliofua nguo kwenye bomba la pale na kuzianika kwenye uzio, majani yao meupe yalikuwa hayaonekani tena. Jirani wa maporomoko, ambaye nilimshonea na yeye, gauni lake lilikuwa karibu jeupe. Wengine walikuwa na kijani cha katikati. Watu wa mtaa, waliotucheka mwaka ule, hawakujua wanaangalia nini, lakini sisi kwa sisi tulisomana kuanzia mbele ya hema mpaka nyuma.

Tonton alikuja kukaa kwenye kiti kilichokuwa kando yangu. Shati lake lilikuwa limechakaa kwenye kola, na magotini suruali ilikuwa na alama za sakafu, kwa sababu alikuwa anapiga magoti kumuosha dada yake miguu. Mzee yule hakutoa hotuba hata moja miezi minne. Alishika mkono wa gauni langu kwa vidole viwili, akaugeuza kidogo kwenye mwanga.

"Yako ingali mupya," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, asisikie mtu mwingine. Nilikuwa na majibu. Mwezi wa sikukuu, maagizo ya wateja, zamu ambazo lazima mtu azipange. Nilikuwa nimekwenda mara sita. Nilizihesabu pale pale, mbele ya jeneza, na zilikuwa sita.

Kitambaa cha bei rahisi huwa kimepauka upande wa ndani tangu dukani, kila fundi anajua hilo. Wageni walipoanza kuingia, nilikunja mikono ya gauni langu mara mbili mpaka kwenye viwiko, upande wa ndani ukawa juu. Kisha nikasimama mbele kabisa, pamoja na tonton na jirani, kuwapokea watu.